Gari la kukodi Oman: lipi uchukue, na mkataba unasemaje

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja: kukodi gari Oman na kuendesha mwenyewe. Tunajibu hizi tano, na kwa waliouliza yanayofanana, majibu yenu yamo humu humu.

Assalamu alaykum. Disemba tunakwenda Muscat, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mdogo ana miaka mitatu. Tutakaa siku kumi kwa shangazi. Tunataka kufika Sur, Nizwa na Jebel Akhdar, na siku ya mlimani shangazi naye atakuja. Mume wangu ameona RAV4 ya bei nafuu mtandaoni, anasema gari lolote lililoinuka linatosha. Ni kweli?
*Mama Yusra, Mbweni, Unguja*

Wa alaykumu salaam, Mama Yusra. Kwa Sur na Nizwa linatosha. Kwa Jebel Akhdar, huenda likarudishwa njiani. Pale Birkat al-Mawz, barabara ya mlimani inapoanzia, kuna kizuizi cha polisi. Askari anatazama leseni, kisha anatazama gari. Lisilo 4x4, yaani lisilovutwa na magurudumu yote manne, halipandi, hata likiwa limeinuka vipi. RAV4, Duster na wenzake huuzwa pia kwa aina inayovutwa na magurudumu mawili tu, na ukiona bei imeshuka sana, mara nyingi ndiyo hiyo.

Msiamini neno "SUV" kwenye tangazo. Mwombeni mwenye gari awatumie kwa WhatsApp picha mbili: ya mulkiya, yaani kadi ya usajili wa gari, na ya sehemu ya gia. Kwenye Fortuner au Pajero mtaona kitufe cha kuzungusha au kigingi cha pili chenye alama kama 2H (magurudumu mawili yanavuta), 4H na 4L (yote manne). Halafu hakikisheni neno 4x4 limeandikwa kwenye mkataba wenyewe. Matangazo mengi humalizia na "au gari linalofanana nalo", na maneno hayo yanaipa kampuni ruhusa ya kukukabidhi gari jingine la daraja lile lile. Kwao kufanana ni ukubwa wa gari. Kwa askari wa Birkat al-Mawz ni magurudumu.

Barabara yenyewe ni lami pana na nzuri, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Inapanda hadi uwanda wa Sayq, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hatari iko kwenye kushuka. Dereva akiteremka huku mguu umelala juu ya breki, diski na pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na mwisho kanyagio linazama bila gari kushika. Zile njia za changarawe zilizochongwa pembeni ya barabara ni za kuokolea gari lililokatika breki. Kabla ya kuanza kuteremka, mume wako atoe gia kwenye D, aweke ya kuchagua kwa mkono, ashike ya pili au ya kwanza aiache injini ilizuie gari. Breki ikanyagwe kwa nguvu kidogo, mwendo ushuke, kisha iachiwe ipoe. Kwa Fortuner, kwenye lami kavu ibaki 2H. Ukiifunga 4H pale juu kwenye kona kali, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanashindana na gia inakaza.

Sasa pesa. Hakuna haja ya kulipia 4x4 siku zote kumi. Muscat hadi Sur ni lami, na njiani mtapita shimo la Bimmah na Wadi Shab. Ras al-Jinz kwenye kasa, Wadi Bani Khalid, Nizwa na ngome ya Bahla, kote huko Corolla inafika. Chukueni saluni kwa siku hizo, kisha 4x4 ya viti saba kwa siku ya mlimani peke yake. Au muiache saluni Birkat al-Mawz na mpande na dereva wa pale pale mwenye 4x4. Wapo wanaofanya kazi hiyo. Kwa familia ambayo haijazoea milima tungechagua dereva. Mkichukua ya viti saba, jueni kwamba safu ya tatu ikishainuliwa, nyuma panabaki nafasi ya mabegi ya mkononi tu, basi masanduku yabaki kwa shangazi. Yaris muiache: kiti cha mtoto wa miaka mitatu pamoja na watoto wawili hawatakaa nyuma kwa raha kilomita 200 za kwenda Sur. Hicho kiti cha mtoto kiagizeni mapema, siyo siku ya kuchukua gari.

Kampuni mbili zimenipa bei ya saluni ya aina moja: rial 9 kwa siku na rial 12 kwa siku. Zote zinasema gari lina bima kubwa. Tofauti iko wapi, na nisaini ipi?
*Msomaji, Kizingo, Mombasa*

Tofauti iko kwenye karatasi usiyotumiwa. Omba mkataba mzima kabla ya kulipa, na utafute mambo haya.

La kwanza ni eksesi, yaani kiasi unachokibeba mwenyewe kila gari likiumia, hata bima iwe kubwa. Ikiwa ya rial 9 ina eksesi ya rial 200 na ya rial 12 ina eksesi ya rial 50, kwa siku kumi umeokoa rial 30 na umejiweka kwenye hatari ya rial 150 zaidi. Angalia pia kama eksesi inatozwa kwa kila ajali au mara moja kwa safari nzima.

Kisha kilomita. Mikataba mingi ya Oman inaweka kikomo cha kama 200 au 250 kwa siku, na zinazozidi zinalipiwa. Muscat hadi Salalah ni takriban kilomita 1,000. Kwenda, kurudi na kuzunguka huko, hesabu 2,400. Kwa siku kumi za kilomita 200 umezidisha 400. Zikitozwa baisa 50 kila moja (rial moja ni baisa 1,000), ni rial 20 juu ya ulichodhani.

Halafu yasiyolipwa na bima. Karibu kila mkataba unaacha nje matairi, rimu, vioo na sehemu ya chini ya gari. Unaacha pia mchanga na njia zisizo za lami, *hata kama gari ni 4x4*. Watu wengi wanadhani wakishalipia 4x4 wameruhusiwa kuingia mchanga wa Wahiba au kukata milima kupitia Wadi Bani Awf. Gari linaweza, mkataba hauruhusu, na likipinduka huko deni lote ni lako. Wadi, yaani bonde la mto, ikitiririka ni vivyo hivyo, na sheria ya Oman nayo inaadhibu kuvuka wadi ikiwa na mafuriko. Mvua hunyesha milimani wewe ukiwa juani; maji yakishaonekana barabarani, simama mahali palipoinuka usubiri. Mara nyingi yanapungua baada ya saa chache.

Pesa za dhamana huzuiwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu. Kadi ya kawaida ya benki inaweza kukataliwa, kwa hiyo uliza kabla hujapanda ndege. Dhamana inaweza kushikiliwa wiki kadhaa baada ya kurudisha gari, kwa sababu faini za kamera huchelewa kuingia kwa mwenye gari. Kampuni nyingine huongeza gharama ya ofisi juu ya kila faini, na hiyo nayo imeandikwa mkatabani.

Siku ya kulichukua, usikubali kukabidhiwa gari gizani kwenye ghorofa ya maegesho. Lisogezwe kwenye mwanga. Piga video ukilizunguka, ukianzia kioo cha mbele, na dashibodi ionekane: kilomita, mafuta, taa za onyo. Halafu chuchumaa kwenye kila tairi utafute kijiduara chenye tarakimu nne baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani linaweza kuwa na kashata nzuri na huku mpira umekauka, na kwenye lami ya joto la Oman, kwa mwendo wa 120, mpira mkavu ndio unaochanika kipande kizima. Likishapita miaka mitano, omba gari jingine. Spea nayo ni tairi. Fungua buti, ibonyeze, angalia jeki na spana vipo. Mwisho washa kiyoyozi dakika kumi gari likiwa limesimama. Kinachopoza barabarani tu na kutoa joto kwenye foleni, mara nyingi feni yake imechoka.

Ikitokea ajali, usilisogeze gari kama kuna aliyeumia, piga 9999, namba ya dharura ya polisi. Hata mkwaruzo mdogo dai karatasi ya polisi au fomu ya ajali iliyosainiwa, kwa sababu bila karatasi hiyo bima hailipi, na "bima kubwa" inabaki jina.

Kama karatasi zote mbili zinafanana kwa haya, saini ya rial 9.

Nina leseni ya Tanzania tu. Itakubalika? Na sijawahi kuendesha upande wa kulia.
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Pata kibali cha kimataifa cha udereva kabla ya kuondoka, kwa Chama cha Magari Tanzania. Walio Kenya huenda AA Kenya. Hutolewa nchi ya leseni, hukipati ukishafika Muscat. Hakisimami peke yake, beba na leseni yenyewe. Kwa wasomaji wa Burundi na Kongo ambao leseni zao ni za Kifaransa, hiki hakikwepeki.

Kuhusu upande, chukua otomatiki bila kubishana. Usukani uko kushoto, na mkono wa kushoto ndio wenye indiketa. Magari yetu ya Japani yana indiketa kulia, kwa hiyo siku ya kwanza utakuwa unawasha waipa kila ukitaka kukata kona. Hilo halina madhara makubwa. Lenye madhara ni kipilefti. Kule unaingia kwa kulia, magari yanazunguka kinyume cha saa, na unayepaswa kumpisha ni anayetoka kushoto kwako. Macho yaliyozoea kutazama kulia hayamwoni. Hatari ya pili ni unapotoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu, maana hakuna gari la kukukumbusha upande. Panga ndege ifike mchana, na mwenzako akae kando akitaja upande kila mnapoingia barabarani.

Nataka kutoka Muscat hadi Salalah mwezi Julai, msimu wa khareef, yaani wa manyunyu na ukungu. Nahitaji 4x4?
*Msomaji wa asili ya Unguja, Leicester, Uingereza*

Huhitaji. Barabara ya Adam, Haima na Thumrait ni lami mwanzo hadi mwisho, na Wadi Darbat, Taqah, Mirbat na Mughsail zote saluni inafika. Unachohitaji ni gari lenye matairi mapya na kiyoyozi kizima, na kugawanya safari. Haima iko karibu katikati, lala pale. Jaza mafuta kila tangi likifika nusu. Mafuta hayatakuumiza: mwishoni mwa 2021 serikali iliweka kikomo cha baisa 229 kwa lita ya petroli ya M91 na 239 ya M95, na saluni nyingi za kukodi zinatumia M91.

Usiku usiendeshe jangwani. Ngamia ana miguu mirefu. Bampa inaikata miguu na mwili mzima unaangukia kioo cha mbele. Macho yake hayang'ai taani kama ya paka, unamwona akiwa ameshafika.

Sehemu ngumu ni ya mwisho. Khareef huanza karibu na tarehe 21 Juni hadi karibu na 21 Septemba, na ukitoka Thumrait kwenye jua kali unaingia ukungu na manyunyu ghafla, tena kwenye mteremko. Taa ziwe za chini, maana za juu zinapiga ukungu na kukurudia usoni. Punguza mwendo kabla hujaingia. Usiegeshe kwenye majani mabichi ya vilima. Chini yake ni tope laini, na saluni ikishazama hapo utalipa winchi mwenyewe. Magari ya Salalah huisha mapema msimu huu, basi kodi Muscat, au weka oda miezi miwili kabla.

Naweza kwenda na gari la kukodi kutoka Muscat hadi Khasab?
*Msomaji, Ruwi, Muscat*

Khasab iko Musandam, na Musandam imetengwa na sehemu nyingine za Oman kwa ardhi ya Falme za Kiarabu, kwa hiyo kwa barabara utavuka mpaka kutoka na tena kuingia. Unahitaji barua ya ruhusa ya kampuni yenye namba ya gari na jina lako, na bima inayotaja Falme za Kiarabu. Ziombe siku chache kabla, kwa malipo ya ziada. Kampuni ikikataa, kuna feri ya Shinas hadi Khasab: acha gari Shinas, ukodi jingine ukishuka.