Re: Shamba la Bibi na Kwa Mkapa ni uwanja mmoja?

Mkuu hapana, ni viwanja viwili tofauti vimekaa jirani pale Temeke, Dar es Salaam, ila nakuelewa maana jina la "Uwanja wa Taifa" limetumika kwa vyote. Shamba la Bibi ndo huo Uwanja wa Uhuru, mkongwe, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa pale pale ikapandishwa ya Tanganyika, Nyerere akiwepo na Prince Philip akimwakilisha Malkia. Kwahiyo ukisikia wazee wanasema Taifa kwenye stori za zamani ujue ni huo, kama ile fainali ya Kombe la CAF 1993 ambayo Simba walishatoa sare 0-0 na Stella ya Ivory Coast kule Abidjan, watu wakajaa wakijua kombe linabaki nyumbani, Stella wakaja wakapiga 2-0, na hadi leo ukimgusia shabiki wa Simba wa enzi hizo anabadilika sura.

Kwa Mkapa ni ule mpya wa watu 60,000, ulifunguliwa 2007, China walisaidia kuujenga, jina la Mkapa limekuja 2020 alipofariki.

Na Uhuru sio mpira tu, Magufuli aliapishwa pale Novemba 2015 na Machi 2021 watu wakamuaga pale pale, kukatokea msongamano wakafa watu 45. Mi naona uwanja wenye historia hii ungestahili hata kibao kikubwa getini kinachoeleza yote haya.