Bajeti ya kaunti huamuliwa kabla ya Juni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: vijana wa Kenya waliopinga barabarani Mswada wa Fedha, ule wa kodi, wafanye nini mashinani ili sauti yao isipotee? Nawajibu kwa jambo moja. Wajifunze kalenda ya bajeti ya kaunti yao, na kazi yao waianze Julai na Agosti badala ya kusubiri Juni ya mwaka unaofuata.

Juni 2024 vijana waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani kwao na kuueneza kwa simu. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Ujuzi ule wa kusoma nyaraka ngumu na kumfafanulia jirani ndio hasa unaotakiwa kwenye wadi. Ila bajeti ya kaunti haina siku moja kubwa ya kuisubiri. Ni mfululizo wa nyaraka, na kila waraka unaotoka hupunguza yale yanayoweza kubadilishwa katika waraka unaofuata.

Tarehe zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini kufikia 30 Agosti ya mwaka uliotangulia waziri wa fedha wa kaunti anatakiwa awe ametoa waraka wa ratiba, na ndani yake aeleze wananchi watashiriki vipi. Kufikia 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafikishwa kwenye bunge la kaunti. Huo ndio unaotaja miradi. Kufikia 28 Februari inafuata Taarifa ya Mkakati wa Fedha, ambayo inaiwekea kila idara kiwango cha juu cha fedha, na bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Makadirio, yaani bajeti yenyewe, yanafika kufikia 30 Aprili, na lazima yawe yamepitishwa kufikia 30 Juni.

Wengi huamka kwenye hatua ya Makadirio, kwa sababu hapo ndipo matangazo ya mikutano yanapokuwa mengi. Wakati huo nafasi imeshabana. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema bunge la kaunti likibadilisha Makadirio, haliwezi kuongeza au kupunguza fungu la idara yoyote kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Tuseme idara ya maji iliwekewa Sh400 milioni mwezi Februari. Mwezi Mei madiwani wote hata wakikubaliana, wanaweza kuiongezea Sh4 milioni tu. Kwa hiyo anayetaka idara ipate fedha zaidi aseme Januari na Februari, na anayetaka mradi mpya autaje kabla Mpango wa Mwaka haujaandikwa, yaani Julai na Agosti. Mei ni ya kuhamisha fedha ndani ya idara ileile, kutoka mradi mmoja hadi mwingine. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 104, inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mpango ulioidhinishwa. Ndiyo maana afisa anaweza kukujibu bila kukudanganya kwamba daraja lenu halimo kwenye mpango.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni mnagonga mlango unaohusika. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti zahanati na vituo vya afya, masoko, barabara za kaunti, maji, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Madarasa ya shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ni vya serikali ya kitaifa. Kikundi kinachodai madarasa ya sekondari kwa diwani hupoteza mwaka mzima, na diwani asiye mwaminifu ataahidi tu maana anajua hataulizwa.

Nyaraka zinapatikanaje? Anzeni kwenye tovuti ya kaunti na ya bunge lake. Zisipokuwepo, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, na sheria inaruhusu iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hiyo, na hulipishwi kwa kuomba. Unachoweza kudaiwa ni gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Ikinyamaza au ikikataa, una siku 30 za kuipeleka kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Barua nyingi hukwama kwa kuomba "nyaraka zote za bajeti". Taja waraka kwa jina lake, mwaka wa fedha na idara. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ubaki nayo. Bila muhuri huo huwezi kuthibitisha siku 21 zilianza lini.

Kisha hesabuni wenyewe. Hapa ndipo vijana wanapoweza kuwazidi hata maafisa, kwa kuwa wanaishi hapo. Chukulia soko lenye shida ya choo. Watu wawili wahesabu wachuuzi kila mmoja kivyake, siku ya soko, siku ya kawaida na Jumamosi, saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Hesabu zao zikipishana sana, warudie. Andikeni matundu mangapi yapo, mangapi yana mlango unaofunga, maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na kama mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia. Wanawake wauzaji waulizwe na wasichana, pembeni. Mambo ya hedhi na usalama wa jioni hayasemwi barazani mbele ya wanaume, na hayo ndiyo yanayobadilisha mchoro wa choo.

Sasa maoni ya maandishi, ambayo huku kwetu tunayaita memoranda. Kurasa mbili zinatosha. Kamati ikisoma "tunaomba mtukumbuke kwa vyoo" haina la kufanya. Ikisoma mfano huu, ina la kupigia kura: "Makadirio, ukurasa wa 84, programu ya masoko, yametenga Sh6 milioni za ukuta. Tunapendekeza Sh2.5 milioni kati ya hizo zijenge choo cha matundu 6, moja likiwa la watu wenye ulemavu, pamoja na tangi la lita 10,000. Soko lina wachuuzi 310 na matundu 2 yanayotumika." Ukurasa, kiasi, fedha zinakotoka, ushahidi. Bei msiibuni, itafuteni kwenye choo kama hicho ambacho kaunti ilikwisha kukijenga, maana bei yao wenyewe hawawezi kuikataa. Barua iende kwa karani wa bunge la kaunti na nakala kwa diwani. Diwani aione kabla ya mkutano. Kumvizia hadharani hupendeza kwenye video, lakini humpa sababu ya kujitetea, wakati yeye ndiye atakayeketi kwenye kamati.

Kwenye mkutano wenyewe, kila msemaji abebe hoja moja ndani ya dakika tatu, aitaje namba ya ukurasa, kisha aombe iandikwe kwenye kumbukumbu. Kaeni sehemu mbalimbali za ukumbi, wazee na watu wenye ulemavu wakiwa miongoni mwa wasemaji wenu. Na someni kichwa cha karatasi ya mahudhurio kabla ya kutia sahihi. Orodha hiyo ndiyo itakayoonyeshwa kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Ikiwa kichwa hakijaandikwa kitu, au kinataja mswada ambao haukuzungumziwa, ombeni kijazwe kwanza. Kama tangazo la mkutano lilitoka siku mbili kabla, au nyaraka hazikutolewa, liandikeni hilo pia kwenye memoranda, kwa tarehe.

Memoranda zikipuuzwa, Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinalifikisha ombi hilo kwenye bunge la kaunti. Maombi mengi hukataliwa kwa kasoro ndogo. Andikeni bila kufutafuta. Mada irudiwe kwenye kila karatasi ya sahihi, la sivyo sahihi zinaonekana zimekusanywa kwa jambo jingine. Elezeni mliwahi kuifuata ofisi gani na ikajibu nini, na kama kuna kesi mahakamani. Malizieni kwa kusema waziwazi mnaomba bunge lifanye nini. Kila anayetia sahihi aweke jina, anwani na namba ya kitambulisho. Mswada au azimio lililo mikononi mwa bunge mliombee marekebisho. Msiombe "haki" kwa jumla.

Kuhusu kikundi chenyewe, watu 8 hadi 12 wanatosha: mmoja wa tarehe, wawili wa kusoma nyaraka, wawili wa hesabu, mwandishi, msemaji, na mtunza mafaili. Kila miezi sita wabadilishane. Usemaji hasa usikae kwa mtu mmoja. Nimeweka mkazo hapo kwa sababu vikundi vingi hufa siku msemaji anapopewa kazi na ofisi ileile waliyokuwa wakiiuliza maswali. Nakala zote zikae mahali wanachama wawili au zaidi wanaweza kuzifungua. Na fulana, nauli au ukumbi wa mwanasiasa anayewania kiti msivipokee, hata akiwa mtu mzuri. Siku mtakapousifu mradi wake kwa haki, hakuna atakayewaamini.

Mradi ukiingia kwenye bajeti, kazi imefika nusu. Kaunti hutoa ripoti ya utekelezaji ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo ya mwaka, kwa hiyo ya Julai hadi Septemba iulizeni mwisho wa Oktoba. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ofisi ya kitaifa inayofuatilia utekelezaji wa bajeti, zinaonyesha kila idara imetumia kiasi gani. Mtego mkubwa ni bajeti ya nyongeza, ile inayorekebisha bajeti iliyokwisha kupitishwa. Hapo mradi uliopitishwa Juni huondolewa kimyakimya, mara nyingi ili fedha zilipe madeni ya wakandarasi ya miaka iliyopita. Muulizeni karani kila mwezi kama imewasilishwa. Ikiwasilishwa, mstari wenu uangalieni siku hiyohiyo, na memoranda iwe tayari kwenye faili, namba za kurasa tu zikisubiri kujazwa.

Kuna nafasi moja zaidi iliyo karibu. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano unaotumiwa na kaunti nyingi sasa ni wa 2023 hadi 2027, na utakaoufuata utaandikwa karibu na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, wakati watu wengi wakiwa kwenye kampeni. Kikundi chenye hesabu za soko, za zahanati na za visima vya wadi yake, zilizopigwa kwa misimu miwili, kiziwasilishe hapo kwa maandishi.