Adwea inayorudi kila ukiifuta: ianze kwa mlinzi wake

Adwea (programu inayokubandikia matangazo usiyoyaomba) ikiwa sugu haina nguvu za ajabu. Ina mlinzi tu: kazi iliyopangwa ndani ya Windows, sera iliyopachikwa kwenye kivinjari, au akaunti yako mwenyewe inayokirudisha kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) kwa usawazishaji. Wengi huanza na kiendelezi kwa kuwa ndicho kinachoonekana. Kikirudi wanasakinisha kisafishaji kimoja, kisha kingine, na laptopu inazidi kuwa nzito. Mtoe mlinzi kwanza.

Kabla ya kufuta chochote, tazama matangazo yanatokea wapi. Yakichomoza kwenye kona ya chini kulia ya skrini hata ukiwa unaandika barua, mara nyingi ni arifa za tovuti uliyoiruhusu bila kusoma. Andika chrome://settings/content/notifications kwenye upau wa anwani (kwa Edge anza na edge://) na uondoe kila tovuti usiyoijua. Yale maonyo kwamba kompyuta ina virusi vitano hutoka humo humo. Hakuna kilichokaguliwa, na namba ya simu iliyoandikwa hapo usiipigie. Wengine kazi yao huishia hapa.

Matangazo yakiwa kwenye kivinjari kimoja tu, shuku kiendelezi. Yakiwa kwenye vyote, shuku programu iliyo ndani ya Windows, au prokisi (mpatanishi anayepitisha mawasiliano yako ya intaneti). Na kama simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyohiyo inapelekwa kwenye kurasa zilezile, laptopu unaionea bure: kagua kwenye ruta mipangilio ya DNS, huduma inayotafuta anwani za tovuti kwa majina yake.

Sasa kazi yenyewe. Bonyeza Windows + R, andika appwiz.cpl, kisha panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa. Angalia kilichoingia siku matatizo yalipoanza. Adwea hupenda kuja imefungamana na programu ya bure, kwa hiyo zinakuwa na tarehe moja. Unapoiondoa, soma kila kitufe. Baadhi huuliza swali kinyumenyume ili ubonyeze kubaki nayo, nyingine hukupa "zawadi" ya programu mpya wakati unaiaga.

Ikikataa kuondoka kwa sababu inaendelea kufanya kazi, ingia hali salama, yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu: shikilia Shift ukibonyeza Restart, fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4. Diski iliyosimbwa kwa BitLocker, kufuli ya data ya Windows, huenda ikaomba ufunguo wa tarakimu 48, basi uwe nao mkononi kabla. Kwa laptopu nyingi za nyumbani umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: programu zilizowekwa kwa Windows Installer (huduma ya Windows ya kusakinisha programu) kwa kawaida hazikubali kuondolewa ukiwa hali salama, kwa kuwa huduma hiyo haiwashwi. Itumie hali salama kumzima mlinzi, kisha rudi hali ya kawaida uiondoe programu.

Mlinzi mara nyingi yuko kwenye Task Scheduler, orodha ya kazi zilizopangwa: bonyeza Windows + R, andika taskschd.msc. Fungua kila kazi usiyoitambua na usome sehemu ya Actions. Inayotia shaka ni ile inayofungua anwani ya tovuti, inayoita powershell au wscript (zana za Windows za kuendesha amri), au inayoendesha faili lenye jina la herufi ovyo ndani ya folda za AppData au Temp. Kuwa AppData peke yake si kosa. OneDrive nayo hukaa huko. Nakili njia ya faili, zima kazi badala ya kuifuta, na ukishaona siku kadhaa zimepita salama, futa kazi pamoja na faili lake.

Mlinzi wa pili ni sera, yaani amri ambazo kwa kawaida msimamizi wa kompyuta huziwekea kivinjari. Chrome ikisema inasimamiwa na shirika, na laptopu ni yako, fungua chrome://policy. Ukikuta ExtensionInstallForcelist (orodha ya viendelezi vinavyosakinishwa kwa lazima), ndiyo sababu kitufe cha kuondoa kiendelezi hakibonyezeki. Kwenye regedit (kihariri cha sajili ya Windows, hufunguliwa kwa Windows + R) nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, hifadhi nakala ya ufunguo huo kwa Export, kisha ufute ingizo hilo. Angalia pia njia hiyohiyo chini ya HKEY_CURRENT_USER. Laptopu ya kazini usiiguse namna hii, sera hizo ni za mwajiri.

Njia za mkato, yaani ikoni za kufungulia kivinjari, hukaguliwa haraka: bonyeza kulia, Properties, Target. Ukiona anwani ya tovuti baada ya chrome.exe, ifute.

Ndipo sasa uzime usawazishaji, uondoe viendelezi, na uweke upya kivinjari kupitia chrome://settings/reset. Ukisahau usawazishaji, kompyuta nyingine yenye akaunti hiyo inaweza kukurudishia kila kitu.

Malizia kwa AdwCleaner, kisafishaji cha adwea, kutoka tovuti ya Malwarebytes yenyewe, si kutoka tovuti za kupakua zinazopachika mizigo yao. Haihitaji kusakinishwa. Halafu, ndani ya Windows Security, endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, unaofanyika kabla Windows haijawaka. Laptopu itajizima na kujiwasha, kazi ya kama dakika 15. Ndani ya Windows Security, kwenye App & browser control, washa kizuizi cha programu zisizotakiwa.

Intaneti ikikatika mara tu baada ya usafi, usiogope. Adwea iliyokuwa ikipitisha mawasiliano yako kwenye 127.0.0.1 (anwani ya laptopu yenyewe) imeondoka, ila mpangilio wa prokisi umebaki ukielekeza pasipo na mtu. Nenda Settings, Network & internet, Proxy, uzime.

Nywila za benki na barua pepe zibadilishe ukitumia kifaa kingine. Na lile faili la kusakinisha lililoleta balaa bado lipo kwenye Downloads. Lifute kabla mwingine nyumbani hajalibonyeza mara mbili.