Je, AC ya zamani inaweza kujazwa R-32?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nyumbani kwangu Tanga nina AC mbili za ukutani. Ya chumbani ni ya miaka mingi, kibandiko chake kimeandikwa R-22. Ya sebuleni ni R-410A. Zote zimepunguza ubaridi. Kijana anayenifanyia sevisi anasema gesi hizo zimepigwa marufuku, hivyo azitoe ajaze R-32, eti hiyo haichafui hewa. Mwanangu amekataa kabisa, anasema R-32 inashika moto. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama, mama. Kijana asijaze R-32 kwenye mashine yoyote kati ya hizo mbili. Ila siku ukinunua AC mpya usiikimbie R-32, maana hofu ya mwanao ina msingi lakini imezidi kipimo.

Kuna jambo kijana hakukuambia. Gesi ya AC haiishi kwa matumizi, inazunguka humo humo miaka yote. Ikipungua, ujue inavuja. Tena si kila AC isiyopoza imepungukiwa gesi. Vichujio vilivyojaa vumbi, au mapezi ya mashine ya nje yaliyozibwa na uchafu na chumvi ya bahari, vinatosha kabisa kuua ubaridi. AC mbili tofauti kuchoka kwa pamoja kunanifanya nishuku uchafu kwanza. Azisafishe, ndipo afunge geji ya kupima presha ya gesi.

Sasa hiyo ya R-22. Mashine ya nje ikipata joto la nyuzi 50, R-22 inasukuma kwa presha ya kama bar 18. R-32 katika joto hilo hilo inafika bar 30. Mabomba na kompresa yako, yaani pampu inayosukuma gesi, havikutengenezwa kwa presha hiyo. Halafu kuna oili. Kompresa nyingi za R-22 zina oili ya madini, ambayo haipatani na R-32. Ikishasukumwa kwenye mabomba hairudi vizuri, na kompresa inabaki inajisaga kavu.

Ya R-410A ndiyo yenye mtego. R-410A yenyewe nusu yake kwa uzito ni R-32, nusu nyingine ni R-125. Presha zinakaribiana, oili ni ya jamii moja, kwa hiyo akijaza R-32 AC itapoza na utamlipa ukiwa umeridhika. Lakini hiyo R-125 iliwekwa makusudi kuzima uwezo wa kuwaka. Ukiiondoa, unabaki na gesi inayoweza kuwaka ndani ya mashine ambayo swichi na viunganishi vyake vya umeme havikuchaguliwa kwa gesi ya namna hiyo, na kompresa nayo inachemka kuliko ilivyopangiwa. Kibandiko bado kinasema R-410A. Mwakani anakuja fundi mwingine, anasoma kibandiko, anawasha moto wa kuchomelea bomba. Hapo ndipo watu wanapoungua.

Kwenye AC iliyoundwa kwa R-32 hesabu ni nyingine. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, dari mita 2.5: hewa yake ni mita za ujazo 30. Tuseme AC ya BTU 12,000 ina gramu 700 za R-32. Zote zivuje na kusambaa chumbani, unapata kama gramu 23 kwa kila mita ya ujazo. Ili iwake inatakiwa ifike gramu 300 hivi. Hatari iko zaidi pale pale inapovujia, na kwa fundi anayechomelea kabla ya kutoa gesi yote, kwa sababu ikiungua inatoa moshi wenye sumu kali.

Ipo gesi nyingine ya AC unayoweza kutajiwa, R-290, nayo ni kitu kingine: hiyo ni propani, ndugu wa gesi ya jikoni. Asilimia 2 tu hewani inatosha kuwaka. Viwandani inawekwa kidogo, kwenye mashine zilizoundwa kwa ajili yake, na hizo sina neno nazo. Tatizo ni kwamba presha yake inakaribiana na ya R-22, kwa hiyo wapo wanaoijaza kwenye mashine za zamani, na wengine wanathubutu hata mtungi wa jikoni. Akikutajia hilo, mwonyeshe mlango.

Kuhusu marufuku, kijana amechanganya. R-22 inakula tabaka la ozoni, ndiyo maana iko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Nchi zinazoendelea zinatakiwa kuiacha ifikapo 2030, na kubakiza kiasi kidogo cha sevisi tu. R-410A haigusi ozoni, lakini kilo moja ikitoka inaongeza joto la dunia sawa na kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi, yaani kama kuchoma lita 900 za petroli. Hiyo ilishughulikiwa na Marekebisho ya Kigali ya mkataba huo huo, ya Oktoba 2016. Kundi la nchi kama yetu lilipangiwa kusimamisha ongezeko la gesi za jamii hiyo mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, hadi asilimia 80 mwaka 2045. Vikomo hivyo ni vya uzalishaji na uagizaji. Hakuna atakayekuja kukung'olea AC ukutani.

Na hiyo R-32 "isiyochafua hewa", kilo yake moja ni sawa na kilo 675 za kaboni dayoksaidi. Ni nafuu kubwa, lakini si sifuri. Kijana akifungua valvu na kuiachia R-410A hewani ili apate nafasi ya gesi mpya, uharibifu anaodai kuuzuia atakuwa ameufanya yeye.

Kama baada ya kusafisha sebuleni bado hapapozi, kwanza anyonye gesi iliyobaki kwenye mtungi, kisha atafute uvujaji kwa naitrojeni na povu la sabuni, aanze na nati za maungio. Azibe, apige vakyumu, yaani anyonye hewa yote mabombani, kisha ajaze R-410A kwa mizani kufuata gramu za kwenye kibandiko. Asiye na pampu ya vakyumu na mizani asiiguse.

Ya chumbani, kama ni nati imelegea, itengenezwe iendelee. Kama koili imeliwa na chumvi, usiigharamie. Nunua ya R-32 yenye inveta, yaani inayopunguza kasi ya kompresa yenyewe chumba kikipoa, hapo na luku utapumua, na udai mabomba mapya ya shaba, maana ya zamani yamebaki na oili ya R-22.