Usianzie kwenye maua

Ukifundisha Naivasha, mji wa mashamba ya maua nchini Kenya, waridi si habari ngeni kwa mwanafunzi. Mama yake huamka alfajiri kuwahi basi la kampuni, na jioni hurudi na vidole vilivyochomwa na miiba. Mimi nililisahau hilo. Mara ya kwanza nilipowapeleka Kidato cha Tatu kwenye shamba la maua waone kazi zilizopo, tulizunguka grinihausi mbili, tukapiga picha, tukaondoka. Njiani nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Kumbe huku ndiko tutakakoishia tukianguka mtihani." Siku nzima ya ziara, na hilo ndilo alilorudi nalo.

Tangu hapo naanzia mwisho, kwenye chumba baridi. Waambie wabebe sweta, maana humo ni nyuzi chache tu juu ya sifuri. Nawasimamisha mbele ya maboksi yanayosubiri lori la kwenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, nawaeleza kuhusu mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, ambako bei huanzia juu ikashuka mpaka mnunuzi wa kwanza abonyeze kitufe. Halafu nauliza: ni nani na nani wamelishughulikia boksi hili? Hapo kazi zinaanza kutajika. Fundi wa mitambo ya baridi. Karani wa hati za forodha. Mkaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, anayesaka viwavi wa nondo ambao Ulaya haitaki kuwaona. Mtu wa mauzo, anayepaswa kujua kwamba Siku ya Mama ya Waingereza haiangukii Mei kama ya Wamarekani.

Ndipo tunaingia grinihausi, na humo namtafuta skauti wa wadudu. Anapita mstari kwa mstari na lenzi, anageuza majani, anahesabu utitiri mwekundu na kuandika. Hesabu yake ndiyo inayoamua kama watapuliza dawa au wataachilia utitiri wa aina nyingine wanaowala hao waharibifu. Msichana mmoja ambaye husinzia kila nikifundisha mnyororo wa chakula alikataa kuirudisha ile lenzi. Nikamwacha nayo, tukachelewa chakula cha mchana. Anayechanganya mbolea kwenye matangi naye asikupite: ukimwona akipima asidi ya maji, somo la kemia limejifundisha lenyewe.

Mambo ya ratiba ni machache. Usiombe ziara wiki za kuelekea Februari 14, Siku ya Wapendanao. Hakuna atakayekuwa na muda nawe. Piga simu siku moja kabla uulize wamepuliza dawa wapi, kwa sababu grinihausi iliyopulizwa haiingiwi mpaka muda wake uishe. Mimi nimewahi kukwama langoni na wanafunzi 45 kwa kutouliza.

Na usiwapake wanafunzi mafuta kwa mgongo wa chupa. Mishahara ya wakataji ni midogo, na watoto wanaijua kuliko sisi. Afadhali mwombe supavaiza aliyeanza kama mkataji awaeleze alivyopanda cheo, na alisomea wapi kilimo cha bustani, iwe Chuo Kikuu cha Egerton au cha JKUAT.

Safari ya mwisho tulimkuta mama wa mwanafunzi wetu kwenye meza ya kupanga mashina kwa urefu, 50 huku, 60 kule, hapimi. Kijana aliona haya kidogo, kisha akauliza anajuaje. Mama hakuinua kichwa. "Lete rula."

Akapima matano. Yote sentimita 60.