Ziara ya kuongozwa Moroko ukiwa na mzazi: Fes ipewe siku mbili, na ratiba ibadilishwe kabla hujalipa

Mkuu mwenye uzi, nakujibu kwa kirefu kwa sababu Moroko nimeizunguka kwa njia zote mbili: kwanza na kundi ndani ya basi la wakala, baadaye nikarudi mwenyewe kwa treni na kukodi mtembezaji kila mji. Umesema mna siku nane, unakwenda na mama ambaye magoti yanamsumbua lakini ana hamu kubwa ya kuiona misikiti ya zamani na kuswali humo. Wakala amekuletea ratiba ya Casablanca, Rabat, Meknes, Fes na Marrakech, kila mji siku moja, siku zinazobaki ni za barabarani. Unauliza ununue hicho kifurushi au mjipeleke wenyewe.

Kwa magoti ya mama, nunua kifurushi. Gari linalowasubiri na dereva anayejua mlango gani uko karibu na wapi ni msaada ambao hutaupata kwenye treni. Ila ratiba hiyo usiikubali ilivyo. Imepangwa kwa ajili ya mgeni mwingine kabisa: mtu asiye Mwislamu, aliyekuja kupiga picha msikiti kwa nje, kununua zulia na kuhamia mji unaofuata. Mama yako hakuja kwa hayo. Ratiba zinabadilishwa, na wakala wa maana atakusikiliza ukisema kabla ya kutoa pesa.

Naanza na Fes kwa sababu ndiko ratiba yako ilikobana kuliko kote. Mji ulianzishwa na Idris wa Kwanza mwaka 789, mwanawe Idris wa Pili akaujenga upande wa pili wa mto mwanzoni mwa karne ya tisa. Familia zilizohama kutoka Kairouan, Tunisia ya leo, zikapewa mtaa wao, na humo ndimo ulimosimama msikiti wa Qarawiyyin. Kwa mapokeo ya wenyeji, ulijengwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, kwa mali aliyorithi. Msikiti huo ukawa chuo, na chuo hicho kipo mpaka leo. Unesco iliuweka mji wa kale wote kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Magari hayaingii. Mizigo hubebwa na punda, baghala na mikokoteni ya mkono, na ukisikia mtu nyuma yako akipaza sauti "balak!", jibanze ukutani kwanza, mengine baadaye. Anayekuja ana mnyama aliyesheheni ngozi mbichi au mitungi ya gesi, na kichochoro kina upana wa mabega mawili.

Sasa sikiliza hili, maana litawaokoa. Mji wa kale wa Fes umekaa kwenye mteremko. Makundi yote huingilia lango la Bab Boujloud, lile la vigae vya buluu, yanashuka na njia ya Talaa Kebira hadi Qarawiyyin, kisha mengine yanarudi kwa kupanda ile ile. Kwa mtu mwenye magoti mabovu, kupanda kule ni adhabu. Mwambie wakala gari liwashushe Bab Boujloud asubuhi, mshuke taratibu, na dereva awafuate uwanja wa Rcif, upande wa chini, ambako magari yanafika. Hapo mama atakuwa ametembea mteremko mtupu. Viatu vyake viwe na soli isiyoteleza, kwa sababu mawe ya njia yamesuguliwa na karne za kwato.

Qarawiyyin yenyewe ndiyo sababu yangu kubwa ya kukuambia ubadilishe ratiba. Moroko, wasio Waislamu hawaingii misikitini, utaratibu ulioshika tangu enzi za utawala wa Kifaransa chini ya Lyautey. Kwa hiyo mtembezaji wa kundi hufika mlangoni, huwaonyesha ua na chemchemi kwa mbali, watu hupiga picha, safari inaendelea. Nilipokuwa na kundi nilisimama pale mlangoni adhana ya adhuhuri ikitoka, na kiongozi wa msafara akatuhimiza twende, tumechelewa chakula. Iliniuma sana. Safari ya pili nilimwambia mtembezaji mapema kwamba siku nzima ipangwe kufuata swala. Tukaingia. Unavua viatu, unaingia uani, sakafu ni ya vigae, na pande mbili za ua kuna vibanda vya chemchemi vyenye nguzo nyembamba na kuba za mbao zilizochongwa. Ndani ni matao meupe, moja nyuma ya jingine, mpaka macho yanachoka kuyafuata. Wanawake wana sehemu yao. Watu wa Moroko ni wa madhehebu ya Maliki, kwa hiyo mama ataona wengi wakiswali mikono ikiwa imeachiwa ubavuni. Sisi Washafii tunaifunga kifuani, na sikuona mtu aliyetutupia jicho. Kumbuka tu kwamba misikiti mingi kule hufunguliwa nyakati za swala. Ukifika saa nne asubuhi utakuta milango imefungwa, na ndiyo maana ratiba lazima iizunguke swala.

Kama kuna mtu kwenye msafara wenu asiye Mwislamu, naye hakosi. Madrasa za zamani ziko wazi kwa kila mtu, na kwa uzuri wa mikono ya mafundi hazishindwi na msikiti wowote. Madrasa ya Attarine, ya miaka ya 1320, iko hatua chache kutoka Qarawiyyin. Ile ya Bou Inania iko juu karibu na Bab Boujloud, imejengwa kati ya 1350 na 1355 na Sultani Abu Inan wa ukoo wa kifalme wa Wamarini. Ukuta wake unaanza na vigae vya rangi chini, juu yake chokaa iliyochongwa maandishi na maua, juu kabisa mbao za mwerezi zilizopiga weusi kwa umri. Sogea karibu uangalie mahali kigae kinapokutana na chokaa: kila kipande kilikatwa kwa mkono, na hata kwenye kona hakuna kilichobandikwa kwa kubahatisha.

Hapo Bou Inania nina jambo la kukuambia kama mtu wa pwani kwa mtu wa pwani. Mtembezaji wetu alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa mtaa huo huo, majirani wakimwita Haji nasi tukamwita hivyo hivyo. Aliuliza tumetoka wapi. Nikamwambia Tanzania, ukoo wetu ni wa Kilwa. Akaacha kuongea habari za vigae, akatukalisha kwenye kizingiti, akasema: basi huyu sultani anakuhusuni. Na kweli anatuhusu. Ibn Battuta, yule msafiri wa kale mzaliwa wa Tangier, huko huko Moroko, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Aliporudi kwao baada ya safari za zaidi ya miaka 20, Abu Inan ndiye aliyeamuru habari zake ziandikwe, na mwandishi Ibn Juzayy akaziandika kwa kumsikiliza, kazi ikamalizika 1355. Maana yake ni kwamba misikiti ya mbao ya Mombasa, ndizi na samaki wanaoliwa pale, uzuri wa mji wa Kilwa, na ukarimu wa Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye magofu ya Husuni Kubwa yanahusishwa naye, vyote vilitiwa wino kwa amri ya mtu aliyejenga madrasa ile, katika miaka ile ile mafundi walipokuwa wakibandika vigae vyake. Hakuna kipeperushi cha utalii nilichowahi kukiona kinacholitaja hili. Kwangu ndilo jambo la kwanza ambalo mtu wa kwetu angestahili kuambiwa akikanyaga Fes, na nililipata kwa sababu tulikuwa na mtembezaji wa mji ule mwenye muda wa kutuuliza tumetoka wapi.

Ndiyo maana nasisitiza: mtu anayewasindikiza kwenye gari nchi nzima ni sawa kwa usafiri, lakini kila mji wa kale uwe na mtembezaji wake mzaliwa wa pale, mwenye kitambulisho rasmi kinachoning'inia shingoni. Vijana watakaowafuata Bab Boujloud wakisema njia imefungwa, au kwamba viwanda vya ngozi viko huku, wakatalieni kwa upole na msisimame. Na kubalianeni na mtembezaji asubuhi, kabla ya hatua ya kwanza, kwamba hamwendi dukani msipoomba. Wengi wao wanaishi kwa kamisheni ya maduka, siwalaumu. Mlipe vizuri na mwambie wazi kwamba malipo hayo ni ya kuwaonyesha mji. Kwenye lile kundi la mwanzo tuliwekwa duka la mazulia alasiri nzima, chai ya nanaa inamiminwa, mazulia yanakunjuliwa, huku madrasa mbili za kwenye ratiba zikifungwa bila sisi kuziona. Mwambie wakala aandike kwenye mkataba kuwa maduka hayamo.

Viwanda vya ngozi vya Chouara ni vya kuona, lakini huonekana kutoka kwenye roshani za maduka ya ngozi, na ngazi zake ni nyembamba na nyingi. Mabirika meupe ya chokaa na kinyesi cha njiwa ndiyo ya kulainisha, ya rangi ndiyo ya kupaka, na watu wamesimama humo hadi mapajani. Watawapa jani la nanaa mnuse. Wewe panda, mama muache uwanja wa Seffarine na wafua shaba, kuna pa kukaa na kunywa chai, na nyundo zile zina mpigo wake.

Meknes na Volubilis nusu siku inatosha mkiwa njiani kwenda Fes. Volubilis ni magofu ya Kirumi yenye picha za vigae zilizoachwa sakafuni zilipo, na tao la Caracalla la mwaka 217. Kivuli hakuna, nendeni mapema. Meknes ni ya Moulay Ismail, aliyetawala 1672 hadi 1727, na sehemu ya mawe yake ilibebwa kutoka Volubilis. Oneni lango la Bab Mansour na kaburi la Moulay Ismail, basi.

Rabat ni tambarare, mama atapumua. Mnara wa Hassan ulianzwa miaka ya 1190 na mtawala Yaqub al-Mansur, akafa 1199 na kazi ikasimama, mnara ukabaki na mita 44 hivi na uwanja wa nguzo zilizokatika mbele yake. Upande wa pili kuna kaburi la Mfalme Mohammed wa Tano. Casablanca msilale. Nendeni msikiti wa Hassan wa Pili ulio ukingoni mwa bahari, uliokamilika 1993, mswali, muendelee. Huo hata wasio Waislamu huingizwa, kwa ziara za kuongozwa.

Marrakech mpeni mama jioni mbili. Swalini magharibi msikiti wa Koutoubia, wenye mnara wa mita 77 wa karne ya kumi na mbili, kisha mvuke kwa miguu hadi uwanja wa Jemaa el-Fna, ni karibu na hakuna mwinuko. Akichoka kuna magari ya farasi, patana bei kabla ya kupanda. Pale uwanjani tafuteni Wagnawa, wenye makayamba ya chuma na gimbri, aina ya gambusi. Ni kizazi cha watu weusi waliovushwa jangwa la Sahara, wengi wakiwa watumwa, na muziki wao ni wa kuombea na kuponya kabla ya kuwa wa watalii. Nilisimama pale muda mrefu. Wakaniuliza natoka wapi, wakanipa nafasi kwenye duara nikae. Wachuuzi watawaita "Senegal! Senegal!", kwa kuwa Wasenegali ni wengi kule. Wajibuni kwa salamu kamili na mtaje kwenu, maongezi yanabadilika hapo hapo. Mama ataitwa "Haja" na kila muuza matunda, ndiyo heshima yao kwa wanawake watu wazima. Wanawake wa hina wakimshika mkono bila kuulizwa, auvute tu, maana wakishachora wanadai pesa.

Kwa siku zenu nane ningepanga hivi: mkishuka Casablanca, swala ya msikitini na moja kwa moja Rabat kulala. Kesho yake jioni Meknes, asubuhi Volubilis, mchana Fes. Fes siku mbili kamili, na mojawapo iwe Ijumaa. Mawakala huikwepa Ijumaa kwa sababu maduka mengi ya mji wa kale hufungwa mchana, lakini ninyi mnaitaka hasa: njia zinakuwa tupu, mama anaswali Ijumaa Qarawiyyin, na baada yake nyumba na migahawa yote inapika kuskusi. Siku inayofuata iwe ya barabara tu hadi Marrakech, ni karibu kutwa nzima, na msikubali kuongezewa kituo cha ununuzi njiani. Zinazobaki ni za Marrakech na kurudi.

Malipo ya mtembezaji hukubaliwa kwa nusu siku au siku nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo ninyi wawili mtalipa sawa na watu sita. Kama kuna ndugu wengine wanaotaka kwenda, huu ndio wakati wa kuwaambia.