Kabla Nyundo Haijagongwa: Kazi ya Ghalani Kwenye Mnada wa Kumbukumbu za Taarab

Wanaouliza kuhusu kazi hii huuliza zaidi mambo ya jukwaani: dalali, nyundo, dau linavyopanda. Jukwaani ni saa mbili tatu tu. Bei hujengwa ghalani wiki kadhaa kabla, na mtu mwenye penseli na subira. Haya tunawaandikia vijana wa Unguja na Pemba wanaotaka kuingia kwenye uuzaji wa kumbukumbu za wasanii: sahani za santuri, picha, mabango ya sinema, ala zilizopigwa majukwaani na nguo za waimbaji.

Anza na mwenye mali. Hapa kwetu vitu hivi hutoka sana kwenye nyumba za marehemu, kwa hiyo suala la kwanza ni mirathi. Kaka anayekaa Mkunazini analeta sanduku la sahani, mkataba unasainiwa, orodha inatangazwa. Siku ya mnada dada yake anapiga simu kutoka Wete kwamba hakushauriwa. Fungu (kitu au vitu vinavyouzwa pamoja kwa namba moja) linaondolewa, na mnunuzi aliyejiandaa haiamini tena orodha yako. Taka mapema karatasi ya mgao wa mirathi au maandishi ya warithi wote, pamoja na nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi cha anayekuletea. Ala za klabu ni jambo jengine. Udi uliokaa nyumbani kwa mpigaji miaka mingi unaweza kuwa bado mali ya klabu, basi uliza uongozi kabla hujaupokea.

Kisha inakuja asili ya kitu, na hapa ndipo pesa ilipo. Mnada wa vitu vya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, uliofanywa na kampuni ya mnada ya Sotheby's, London, Septemba 2023, uliuza piano yake ya Yamaha kwa pauni milioni 1.7. Piano aina ile zipo nyingi duniani. Iliyolipiwa ni hakika: vitu vilitoka Garden Lodge, nyumba aliyoishi mwenyewe, vikiwa chini ya rafiki yake wa karibu Mary Austin tangu msanii alipofariki 1991. Hakuna pengo la kujiuliza kilikuwa wapi. Andika mnyororo huo kwa kila kitu: nani alikipata, lini, kwa njia gani, kikapita kwa nani. Penye pengo, andika kuna pengo.

Tarehe ndiyo silaha nyepesi kuliko zote dhidi ya vitu vya kughushi. Huyo huyo Freddie alizaliwa Unguja 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikaondoka 1964. Jina la Mercury lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa Uingereza. Daftari la skuli la Zanzibar lenye saini "Freddie Mercury" halihitaji mtaalamu wa mwandiko. Vivyo hivyo kwa mwimbaji wa taarab Siti binti Saad: alirekodi mara ya kwanza Bombay 1928 na akafariki 1950. Akija mtu na "sahani ya Siti ya 1920", tarehe hiyo imekosewa, na sahani ya plastiki ya mizunguko 33 kwa dakika yenye sauti yake ni toleo la baadaye, maana aina hiyo ilianza kuuzwa 1948.

Kanga na magauni yana mtego wao. Kanga za jina moja huchapwa kwa wingi, kwa hiyo picha ya mwimbaji akiwa amevaa nakshi ile ile haithibitishi lolote. Tafuta alama ambayo haiwezi kuwa na pacha: kiraka, doa, pindo lililoshonwa kwa mkono. Alama hiyo ikionekana pia kwenye picha, hapo una ushahidi.

Sasa sahani zenyewe. Zile za mizunguko 78, nyingi zikiwa na upana wa sentimita 25, hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu, iliyochanganywa na unga wa mawe, na huvunjika kama kigae. Zishike ukingoni kwa mikono miwili. Zielekeze upande kwenye taa, mwanga upite kwa mshazari: mifereji iliyogeuka kijivu imeliwa na sindano za chuma, ambazo zilipaswa kubadilishwa kila upande lakini watu walizirudia. Ufa mwembamba huuona vibaya kwa jicho, basi igonge kwa ncha ya kidole taratibu. Nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti butu. Nakili namba mbili: ya kwenye lebo, na ile iliyopigwa kwenye shelaki karibu na lebo. Hiyo ya pili ndiyo inayotambulisha rekodi yenyewe.

Usisafishe shelaki kwa spiriti. Huiyeyusha, na mng'ao ukishaondoka haurudi. Tumia maji safi yasiyo na chumvi (distilled water), yale ya kuongezea betri na si asidi yake, tone la sabuni isiyo na rangi na kitambaa laini. Funika lebo, fuata mzunguko wa mifereji, suuza, kisha kausha hapo hapo.

Picha ni rahisi zaidi, ila watu huziharibu kwa wema: gundi, selotepu, albamu za plastiki laini inayonata. Igeuze kwanza nyuma. Mhuri wa studio, mathalan wa Capital Art Studio, au maneno ya penseli, huongeza thamani kuliko sura ya mbele. Zipige skani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, na namba ya fungu iandike kwa penseli laini pembeni nyuma, kamwe si kwa kalamu ya wino.

Unyevu ndio adui mkubwa, hasa masika. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe hupanda maji kutoka chini, kwa hiyo rafu ziwe mbali na ukuta kiasi cha kiganja, na la chini kabisa lisiguse sakafu. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Usipouweza, bora asilimia 60 isiyobadilika kuliko kiyoyozi kinachozimika na umeme na kuacha jasho juu ya kila kitu. Weka kipimo cha unyevu na paketi za silika ndani ya makasha yaliyofungwa, na uzikaushe zikibadilika rangi.

Kwa ala, kagua vifaa kabla ya kutangaza kwa wanunuzi wa nje. Udi wa zamani unaweza kuwa na pembe ya ndovu kwenye nakshi, na risha (kipande cha kuchapia nyuzi) au kipande cha mapambo kikawa ni gamba la kasa aina ya ng'amba. Vyote vinabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Bila vibali havivuki mpaka, na mnunuzi aliyeshalipa atakudai wewe.

Fedha elezea mwanzoni, kwa mfano wa hesabu. Nyundo ikigongwa kwenye shilingi 1,000,000, ada ya mnunuzi ikiwa asilimia 20 na udalali wa muuzaji asilimia 10, mnunuzi hulipa 1,200,000 na muuzaji hupokea 900,000. Bei ya chini ambayo muuzaji hataki kushuka chini yake isipite makadirio ya chini uliyoyachapa. Na mwambie wazi mnunuzi kwamba kununua sahani si kununua haki ya wimbo. Hiyo ni mazungumzo ya COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar.

Kufunga mzigo wa sahani: itoe kwenye albamu yake (kitabu chenye mifuko ya sahani), maana mfukoni huchezacheza. Ibane baina ya vipande viwili vya kadibodi vilivyo vikubwa kuliko sahani, zifunge tano tano zisitikisike, kisha boksi ndani ya boksi, na sentimita tano za karatasi zilizokunjwa kila upande. Zisafiri zikiwa wima. Usizidishe ishirini kwa boksi, kwa sababu mchukuzi wa bandarini akilemewa hulidondosha, na usiliachie mpaka fedha ionekane kwenye akaunti.